Mpira Unarukaruka Kwenye HD, Je Ninunue Kadi ya Video?

SWALI: Habari ya kazi kaka. Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 8GB, nikaiunga kwenye TV yangu ya inchi 43 ya Full HD ndo iwe ya sebuleni, ndani nina Windows 10 na Kodi (ile programu ya kuchezea muvi na TV) na kile kidude cha USB cha kudakia chaneli za antena. Shida ni mpira, yani kamera ikimfuata winga picha inadundadunda na mpira wenyewe unarukaruka, ila sauti iko poa. Halafu muvi mpya za 4K ndo balaa kabisa, sauti inatangulia picha inabaki nyuma inaganda, wakati muvi za 1080p za zamani zinacheza tu. Nimebadilisha waya wa HDMI hamna kitu. Fundi wa mtaani anasema ninunue kadi ya video, na hela yenyewe ni ya kuungaunga, naomba ushauri. — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, hela usitoe kwanza. Una magonjwa mawili hapo na hayatibiwi kwa dawa moja, na waya wa HDMI haumo, waya mbovu unaleta vidoti vya kumetameta au skrini kuwa nyeusi ghafla, hauleti kurukaruka.

Tuanze na mpira maana huo ndo unaumiza watu wengi. Matangazo ya TV ya huku kwetu yamerithi mfumo wa 50, ambao zamani ulifuata umeme wa 50Hz, Wamarekani wao umeme wao ni 60Hz na TV zao zikafuata 60. Sasa kompyuta yoyote ukiichomeka kwenye TV, Windows mara nyingi inajichagulia 60Hz yenyewe, yani skrini ionyeshe picha 60 kwa sekunde, bila kukuuliza. Mpira unakuja na picha 50 kwa sekunde, skrini inataka 60, kwa hiyo kila picha tano moja lazima ionyeshwe mara mbili, ambayo ni mirukio kumi kila sekunde! Mchezaji akiwa amesimama huoni kitu, kamera ikianza kutembea ndo unaona. Hata kompyuta ya mamilioni itaruka hivyo hivyo ikiachwa kwenye 60.

Dawa yake ni bure. Ingia settingi za Windows, System, halafu Display, shuka hadi Advanced display, pale kwenye refresh rate chagua 50Hz. Kama 50 haipo kwenye listi, angalia hapo hapo jina la kadi au chipu ya video limeandikwaje, ukikuta Microsoft Basic Display Adapter basi aliyekuuzia aliweka Windows akaishia hapo, draiva ya Intel, yani programu ya kuendesha chipu ya video, haijawekwa kabisa, na bila draiva hiyo hata kazi ya kufungua video inabebwa na prosesa peke yake. Weka draiva kwanza ndo uendelee.

Muvi nyingi zenyewe ni fremu, yani picha, 24 kwa sekunde, kwa hiyo hutaki kuwa unabadilisha kwa mkono kila saa. Kwenye Kodi nenda Settings, Player, Videos, tafuta Adjust display refresh rate, inakuja ikiwa imezimwa, iweke On start / stop. Usipoiona, bofya kile kigia cha chini kushoto mpaka kiandike Expert. TV itakuwa nyeusi sekunde moja mbili muvi ikianza, usishtuke, inabadilisha mwendo.

Kitu kingine cha mpira, chaneli ikirushwa kwa 1080i picha zinakuja nusunusu, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, na programu inatakiwa izigeuze ziwe picha 50 kamili. Ukitumia VLC, programu nyingine ya kuchezea video, chagua Yadif (2x) kwenye deinterlace, ndo sehemu ya kuunga hizo nusu, ile Yadif ya kawaida inakupa 25 tu na mpira unakuwa mzito.

Sasa muvi za 4K. Hizo karibu zote zimebanwa kwa HEVC, mfumo mpya wa kubana video, ndo ile wanaandika x265 kwenye jina la faili. Chipu ya Intel ya kizazi cha nne inafungua H.264, ule mfumo wa zamani, vizuri sana, ila HEVC haina mtambo wake kamili, Intel waliuweka kuanzia kizazi cha sita mwaka 2015, na ile ya 10-bit, yenye rangi nyingi zaidi, kuanzia cha saba. Kwa hiyo prosesa inahangaika peke yake inafika asilimia mia, sauti ni nyepesi inapita, picha inaachwa. Hakikisha mwenyewe, muvi ikiwa inacheza kwenye Kodi bonyeza herufi O kwenye kibodi, mstari wa dikoda (kifungua video) ukisema SW ni prosesa inafanya kazi, ukisema HW ni chipu ya video.

Ila jamani TV yako ni Full HD! Hiyo 4K unayoitesea kompyuta inapunguzwa kuwa 1080p, ndo hiyo Full HD, kabla hujaiona. Tafuta muvi hiyo hiyo kwa 1080p ya H.264, kwisha. Siku ukinunua TV ya 4K ndo ufikirie kadi, na hapo chukua kadi ya Nvidia inayoitwa GT 1030, ni ndogo, haihitaji waya wa umeme wa ziada, inafungua HEVC ya 10-bit. Wakikuletea GT 710 kwa sababu ni rahisi, kataa, haifungui HEVC kabisa, utakuwa umenunua tatizo lile lile.

SWALI: Muvi zangu ziko kwa kompyuta ya chumbani, naziangalia sebuleni kupitia Wi-Fi. Kila baada ya muda zinasimama kabisa, sauti na picha, kiduara kinazunguka halafu zinaendelea. Ni kompyuta imechoka? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, sauti na picha zikisimama pamoja ni data haifiki. Nakili muvi moja kwenye diski ya kompyuta ya sebuleni uicheze, ikienda laini umepata jibu. Muvi iliyotolewa kwenye Blu-ray video yake inaweza kufika megabiti 40 kwa sekunde, ya diski ya 4K inapita hata 100 pakiwa na vurugu nyingi, na Wi-Fi ya 2.4GHz ikipenya kuta mbili za matofali haiwezi. Vuta waya wa mtandao wa Cat5e, na uunge kompyuta zote mbili, watu wengi wanaunga ya sebuleni tu ya chumbani inabaki kwenye Wi-Fi halafu wanashangaa mbona bado. Kagua pia rauta, kama matundu yake ni ya megabiti 100 hizo muvi za diski ya 4K zitaendelea kusimama kwenye sehemu nzito, hapo nunua swichi ndogo ya gigabiti, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, uunge kompyuta zote mbili humo.