Carter Family ndio waliotangulia, si Jimmie Rodgers

Hapana, kwenye fumbo hilo la geocaching (mchezo wa kutafuta kisanduku kilichofichwa kwa kutumia viwianishi vya ramani), A, yaani tarehe ya Agosti waliyorekodi Carter Family, kundi la muziki wa kantri la Marekani, ni 1, na B, ya mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, ni 4; umezigeuza. Carter Family walirekodi Bristol, mji ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, jioni ya tarehe 1 Agosti 1927, nyimbo nne, kesho yake asubuhi Sara na Maybelle wakarudi kumalizia mbili. Rodgers alirekodi tarehe 4, tena peke yake na gitaa lake, maana alikuwa ameshakosana na wenzake wa bendi. Ndiyo sababu viwianishi vyako vinakutupa mbali na kisanduku.

Nazijua tarehe hizi kwa sababu nilianza kumfuatilia Rodgers kupitia "Chemirocha", ule wimbo wa Wakipsigis aliourekodi Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Kenya mwaka 1950. Chemirocha ndiye huyo huyo Jimmie Rodgers, jina limepita kwenye ndimi za Kikipsigis.

Ila soma swali la tatu taratibu. Likiuliza "rekodi ya kwanza ya kantri", usijaze 1927. Eck Robertson alishapiga fidla mbele ya mashine za kampuni ya rekodi ya Victor, New York, mwaka 1922, na Fiddlin' John Carson akafuata Atlanta 1923.

Halafu angalia upande wa barabara. Mpaka wa Tennessee na Virginia unapita katikati ya State Street ya Bristol, na jengo alilofungia mitambo yake Ralph Peer, mtayarishaji wa Victor aliyewarekodi wote hao, lililokuwa la kampuni ya kofia, lilikuwa upande wa Tennessee.