Gitaa Langu Naweza Kuligeuza Besi?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mpiga besi wa kwaya yetu hapa Kayole amehamia Nakuru. Nina gitaa la umeme lenye tumbo la uwazi na kipande cha mti katikati. Nikilifunga nyuzi nne za besi halitafaa?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Nililijaribu hilo zamani. Uzi mnene ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo, kila nikiugusa unagonga freti, vile vyuma vya shingoni. Kosa ni urefu wa uzi: kutoka darajani, pale chini nyuzi zinaposhikwa, hadi kichwani gitaa lako lina sentimita 63 hivi, besi ya kawaida 86, na hata zile fupi hukaribia 76. Tena uzi huo hauingii kwenye tundu la kigingi cha kukazia nyuzi, kwa hiyo utatoboa kichwa na kuchonga upya mifereji ya ule mfupa unaobeba nyuzi karibu na kichwa. Kubadili shingo? Ya gitaa kama lako mara nyingi imegundishwa kwa gluu. Mimi singeligusa.

Badala yake azima pedali ya okteva, ile inayoshusha sauti ya gitaa ikawa nzito kama besi, upige noti moja moja. Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, pedali nyingi huchanganyikiwa. Na usiiunganishe na spika ndogo ya gitaa ukaongeza sauti, utaipasua. Pitisha kwenye mikisa ya kanisa. Huku unaweka akiba ya besi fupi iliyotumika.