Wasomaji Wanauliza: Kompyuta ya Nyumbani kwa Fedha ya Kuungaunga

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina watoto wawili, mmoja yuko kidato cha tatu na mwingine darasa la sita. Katika mgao wa kikoba chetu nimepata shilingi 650,000 na ninataka kuwanunulia kompyuta moja ya kutumia nyumbani. Duka la kwanza nimeonyeshwa laptopu mpya, bado ina nailoni yake, kwa bei hiyo hiyo. Duka la pili wananishauri nichukue iliyotumika Ulaya, yenye kibandiko cha i5. Mume wangu anasema mtumba ni mtumba, tutauziwa ugonjwa wa mtu. Nichukue ipi? (Mama wa wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa kikoba. Kwa fedha uliyonayo ningechukua iliyotumika, ilimradi ikaguliwe kabla pesa haijatoka mkononi. Laptopu mpya ya bei hiyo mara nyingi huwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) dhaifu ya aina ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kazi za papo hapo) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na vyote hivyo vimegandishwa kwenye bodi kuu kiasi kwamba huwezi kuviongeza baadaye. Windows 11, mfumo wa kuendesha kompyuta, yenyewe inadai RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 kama kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo mashine hiyo inaanza maisha ikiwa imesimama kizingitini, na baada ya masasisho machache mtoto ataambiwa nafasi imejaa hata kabla hajahifadhi kazi yake ya shule. Ile ya mtumba, kwa upande wake, ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi: inafunguliwa kwa skrubu, RAM yake kwa kawaida huongezeka, diski yake hubadilishwa, na vipuri vyake vinapatikana kwa mafundi kwa sababu mashine za namna hiyo zimeingia nchini kwa wingi.

Hata hivyo, kibandiko cha i5 peke yake hakikuambii kitu. Jina hilo la prosesa za kampuni ya Intel limetumika tangu mwaka 2009, hivyo i5 mbili zilizokaa kwenye rafu moja zinaweza kupishana umri kwa zaidi ya miaka 10. Mwombe muuzaji akufungulie ukurasa wa maelezo ya mfumo, kisha usome namba inayofuata: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, inazikubali rasmi zile za kizazi cha nane na kuendelea, ukiondoa chache sana za kizazi cha saba. Wapo wauzaji wanaoisukumiza Windows 11 kwa ujanja kwenye mashine za zamani. Itawaka na utaiona nzuri, lakini hakuna anayekuhakikishia kuwa itaendelea kupata masasisho ya usalama. Miongoni mwa zile ambazo kwa kawaida ni za kizazi cha nane na zinaonekana sana madukani ni ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5. Angalia tarakimu za jina kwa makini, kwa kuwa T470 na 840 G4 ni za nyuma ya hapo, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha.

Ukaguzi wenyewe uchukue nusu saa, ukiwa umekaa kwenye kiti, kompyuta iko mbele yako na si mbele ya muuzaji. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Mimi niliwahi kuridhika na kioo kinachong'aa, nikalipa, nikafika nyumbani na kugundua kuwa herufi N haiandiki. Niliandika "ninakuja" ikatoka "iakuja", na Kiswahili bila N hakiandikiki. Chomeka flashi kwenye kila tundu, washa intaneti ya simu yako uone kama inaikamata, fungua kamera, piga sauti. Kwa betri, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike powercfg /batteryreport. Itatengenezwa ripoti yenye namba mbili, ya ujazo wa betri ilipokuwa mpya na ya ujazo ilionao leo. Ya pili ikiwa chini ya asilimia 60 ya ile ya kwanza, dai betri nyingine au upunguziwe bei. Hapo mumeo ana hoja: kama kuna ugonjwa wa mtu mtakaouziwa, basi aghalabu umelala kwenye betri.

Mwisho, izime na kuiwasha tena huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad, ili uingie kwenye mipangilio yake ya ndani. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo. Hiyo ni kufuli ya kampuni iliyoimiliki zamani, na kuiondoa kunaweza kukugharimu bodi kuu nzima. Ukiridhika, dai risiti ya EFD pamoja na karatasi ya dhamana yenye namba ya mashine, hata kama dhamana ni ya mwezi mmoja. Wala usiimalize 650,000 yote dukani. Bakiza kama 100,000 kwa ajili ya kifaa cha kukinga umeme na diski ya nje ya kuhifadhia nakala, vitu ambavyo watu huvikumbuka baada ya kilio.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina laptopu ya mwaka 2016 ambayo ninatungia mitihani. Nikiiwasha, ninakwenda kuchemsha chai na kurudi bado inazunguka. Fundi ameshanipigia Windows upya mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara kwa malipo, nayo inakuwa nyepesi kwa wiki mbili kisha inarudia hali yake. Je, ni virusi au imezeeka? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, kupiga Windows kumegeuka kuwa panadol ya mafundi wetu, kila homa inapewa hiyo hiyo. Kabla hujalipa mara ya nne, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha uitazame safu ya diski wakati kompyuta imekwama. Ikisomeka asilimia 100 huku ile ya prosesa iko chini, umeupata mgonjwa. Laptopu nyingi za wakati huo zina diski ya sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, yenye sindano inayohamahama kutafuta kila faili. Windows ya leo inapofungua mamia ya mafaili madogo kwa wakati mmoja, sindano hiyo haipati pumzi.

Dawa yake ni diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake. Ya GB 240 au 256 inatosha kwa kazi zako, na bei yake haiko mbali sana na jumla ya yale uliyokwishamlipa fundi. Kama RAM ni GB 4, iongeze ifike 8 siku hiyo hiyo, maana mashine itakuwa imeshafunguliwa. Nakili kwanza mitihani yako mahali pengine, kisha mwambie fundi akurudishie diski ya zamani. Ukiinunulia kasha la USB, na ikiwa bado ina afya, itakufaa kwa kuhifadhia nakala.

Kwa kuwa prosesa ya mwaka 2016 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, ifikirie Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, ambayo ni ya bure, haihitaji mashine kubwa, na huja na LibreOffice, programu za ofisi kama Word, ndani yake. Mafaili yako ya Word yatafunguka, ingawa jedwali au mchoro unaweza kusogea kidogo. Kwa sababu hiyo, mtihani unaokwenda kuchapwa stesheneri uupeleke ukiwa PDF, la sivyo swali la 7 litakutwa limekatika katikati ya kurasa mbili.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ninaishi Nungwi, karibu kabisa na bahari. Skrubu za laptopu yangu zimeshaanza kutu, na juzi umeme uliporudi chaja iliungua. Niifunike kwa nailoni? Na je, ninunue stabilaiza au UPS? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam. Nailoni usiitumie, hasa kompyuta ikiwa bado na joto, kwani unyevu hujifungia humo humo na kuushika ule ule uchumvi unaoukimbia. Iweke mbali na dirisha linalotazama bahari, na isipotumika ikae kwenye begi lake pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Iwashe mara kwa mara hata kama huna kazi nayo, kwa sababu joto lake lenyewe huikausha. Laptopu iliyolala kabatini miezi mitatu pwani huamka na maradhi. Vumbi la feni lipulizwe kwa blowa walau mara moja kwa mwaka, mashine ikiwa imezimwa na feni ikizuiwa kwa kijiti isizunguke.

Kuhusu umeme, laptopu ina betri yake, kwa hiyo kukatika hakuidhuru. Kinachoua chaja ni kishindo cha umeme unaporudi. Chomoa ukikatika tu, na urudishe baada ya dakika tano, taa zikiwa zimetulia. Kifaa cha kukinga umeme kinachochelewesha kuupitisha, kama kile cha friji, kitakufanyia kazi hiyo hata usipokuwepo. UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, inamhusu mwenye kompyuta ya mezani, na hata kwake ile ndogo ya VA 650 ni ya kumpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si ya kumalizia filamu. Stabilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini ukikatika nayo inazimika.

SWALI: Nimenunua flashi ya TB 2 kwa shilingi 15,000 kwa mmachinga. Kompyuta inasoma TB 2 kweli. Nimepata bahati? (Kijana, Mbagala)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ndani yake aghalabu kuna chembe ya GB 16 au 32 iliyofundishwa kusema uongo: inapojaa, inaendelea kupokea mafaili na kuyaonyesha majina, ilhali hakuna kilichohifadhiwa. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza yote kisha huisoma tena na kukuambia ukubwa wake halisi, ingawa kwa flashi inayodai TB 2 utaiacha ikifanya kazi usiku kucha na zaidi. Kama umeshahamishia picha humo, zifungue moja moja kabla hujazifuta kwenye simu. Nyingine zitafunguka, na nyingine utazikuta nusu sura ya mtu, nusu kijivu.