Sebule ndogo, makochi makubwa

Dada, umesema sebule yako ni futi 10 kwa 12, seti ya makochi ya watu saba imejaa hadi mlangoni, na jioni joto halivumiliki. Usinunue pambo lolote kwanza. Toa kochi moja la mtu mmoja, lipeleke chumbani au liuze, upate njia ya kupita bila kujibana. Kochi kubwa usiliweke dirishani: mgongo wake unazuia upepo, na kwa joto la Dar upepo una thamani kuliko zulia. Lihamishie ukuta wa pembeni, uache nafasi ya kiganja nyuma yake, unyevu usije ukaotesha ukungu.

Pazia zito livue, weka jepesi. Mwenye nyumba akiruhusu kutoboa, fimbo ifungwe karibu na dari na kitambaa kishuke hadi sakafuni. Dari itaonekana iko juu zaidi. Halafu hiyo taa nyeupe ndiyo inayofanya sebule ifanane na duka la dawa. Tafuta balbu ya mwanga wa njano, boksi limeandikwa 2700K au 3000K, uifunge kwenye taa ya mezani kando ya kochi. Maua ya plastiki sina ugomvi nayo, ila uyafute vumbi.