Kabla Hujakipa Kigeu Jina

Safu moja ya hifadhidata, yaani jina moja la data kwenye jedwali, ilitupotezea siku mbili. Niliiita kodi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kupangisha nyumba, na kichwani mwangu kodi ni ile anayolipa mpangaji kila mwezi. Mwenzangu aliyeandika sehemu ya risiti akasoma neno hilohilo, akaelewa kodi ya serikali. Risiti zikatoka na pango lote limekaa kwenye mstari wa kodi. Hakuna aliyekosea Kiswahili. Neno lina maana zote mbili, nasi hatukuulizana. Leo safu hiyo inaitwa kodi_ya_pango, na sitaki kusikia kwamba ni ndefu.

Najua jibu la haraka: andika Kiingereza yaishe. Nimeandika Kiingereza miaka, na lugha yangu imebaki palepale chini ya majina. Katika mafaili yangu ya zamani kuna nameUser na dateBirth, kwa sababu nilikuwa nikiwaza jina la mtumiaji na tarehe ya kuzaliwa: kitu kwanza, mwenyewe baadaye. Kiingereza hugeuza. Wazungumzaji wa Kifaransa na Kihispania huteleza papo hapo, maana nao hutanguliza kitu. Hasara yake haiishii kwenye sarufi. Mwenzako anatafuta userName, halioni, anaunda jipya, na sasa mna vigeu viwili (majina yanayoshika thamani kwenye programu) vya kitu kimoja, kimojawapo kimeshachakaa.

Ukiamua kutumia Kiswahili, angalia sana wingi. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nyumba ni moja na nyumba ni nyingi, neno halibadiliki, nami nikaandika hivi kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nikimaanisha kila nyumba katika orodha ya nyumba:

for nyumba in nyumba:

Python haikulalamika. Mzunguko ulikwenda hadi mwisho, lakini ulipoisha, nyumba haikuwa orodha tena. Ilikuwa ile nyumba ya mwisho tu, na hesabu iliyofuata ikaharibika. Kitabu na vitabu ni nafuu, ila vinatofautiana kwa herufi moja, na jicho lililochoka huipita. Tangu hapo kila mkusanyiko naupa kianzio: orodha_ya_nyumba, orodha_ya_vitabu. Zana nazo zimezoea wingi wa kuongeza s mwishoni. Ukiipa Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, modeli (muundo wa data) iitwayo Mteja, ukurasa wa usimamizi utaandika Mtejas mpaka uieleze kwa verbose_name_plural kwamba ni Wateja. Irekebishe mapema, wanaoutumia mfumo wanaliona neno hilo kila siku.

Haya hayatupati sisi peke yetu. Kwa miaka mingi walioandika PHP, lugha nyingine ya programu, walikutana na kosa lenye jina T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM, Kiebrania cha alama ya ::, kwa kuwa Zeev Suraski na Andi Gutmans walikuwa Israel walipoiandika upya lugha hiyo. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ilirithi msimbo (maandishi ya programu) uliozaliwa Ujerumani, ukiwa na maelezo ya Kijerumani ya kumsaidia anayeusoma, na wachangiaji wakayatafsiri kidogo kidogo kwa miaka.

Mwongozo wa Python, PEP 8, unawaomba wanaotoka nchi zisizozungumza Kiingereza waandike maelezo kwa Kiingereza, isipokuwa wawe na uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na asiyejua lugha yao. Kwa maelezo nakubali. Kwa maneno ya kazi yenyewe nina msimamo tofauti: kama mteja anasema pango, dhamana na malimbikizo, yaache hivyo hivyo kwenye msimbo. Mkiyatafsiri, watu watatu watapata malimbikizo matatu: mmoja ataandika arrears, mwingine debt, wa tatu balance, na hakuna atakayejua kama ni kitu kilekile.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mradi nafungua faili la maneno, kabla ya jedwali lolote. Kila neno linapata maana moja, wingi wake, na jina litakaloandikwa kwenye msimbo, na anayesoma faili hilo kwanza ni mteja, kisha wenzangu. Lile la mfumo wa nyumba bado lipo, na mstari wake wa juu kabisa unasema: kodi, lisitumike peke yake.