Ukipangiwa skimu, usiishie banioni

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya umwagiliaji, hasa mtakaopangiwa bonde la Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania: siku ya kwanza wenyeji watawapeleka banioni, pale maji ya mto yanapochepushwa kuingia mferejini. Mtaoneshwa lango la chuma, mfereji mkuu uliosakafiwa na ubao wa kupimia kina cha maji, kisha mtatajiwa idadi ya hekta zinazomwagiliwa. Tazameni, shukuruni, halafu ombeni mpelekwe mahali maji yanapotoka mashambani kurudi mtoni. Huko hakuna njia nzuri. Kuna matete, tope na mtaro uliozibwa na magugu, unaorudi mtoni taratibu. Ukitaka kujua skimu inaufanyia nini mto, uangalie mtaro huo.

Maji yanayorudi siyo yale yaliyoingia. Mmea hunywa maji na kuacha chumvi, na jua nalo hivyo hivyo. Chukulia maji ya banioni yana gramu 0.2 za chumvi kwa lita, maji ambayo yeyote angeyaita mazuri. Hekta moja ikipokea meta za ujazo 10,000 kwa msimu, imepokea tani 2 za chumvi. Nusu ya maji ikipotelea hewani na nusu ikatoka, ama chumvi ile itatoka na maji hayo yakiwa na gramu 0.4, ama itabaki shambani. Ikibaki, baada ya miaka utaona ukungu mweupe juu ya udongo. Ikitoka, inamfikia wa chini, naye ana banio lake, na hesabu inaanza upya kwake.

Kwenye mpunga, msimu una siku chache mbaya sana na siku nyingi za kawaida. Siku mbaya ya kwanza ni ya kuvuruga. Pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, inapita kwenye jaruba (kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta) lililojaa maji, udongo unasagika, na mkulima anayetaka kusawazisha haraka anafungua tuta maji yapungue. Simama mtaroni saa hiyo: maji yana rangi ya chai ya maziwa. Ule udongo laini ndio unaobeba fosforasi, kwa kuwa fosforasi hushikamana na chembe za udongo. Kwa hiyo mkulima aliyeweka DAP, mbolea yenye fosforasi, kabla ya kuvuruga, kisha akafungua tuta, ameimwaga mtoni. Mwambie aache maji yatulie siku moja au mbili, tope lizame kwanza. Na ukiweza, mshawishi aingize maji kidogo tangu mwanzo, yanayotosha kulainisha udongo tu, ili asiwe na ziada ya kumwaga.

Siku mbaya ya pili ni baada ya kuweka mbolea ya urea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na ikishayeyuka inafuata maji popote yaendapo. Usangu sehemu nyingi maji hupita jaruba kwa jaruba, kwa hiyo anayeweka mbolea asubuhi na kuacha tuta wazi anakuza mpunga wa jirani, na kinachobaki kinakuza matete ya mtaroni. Ukimweleza mkulima habari ya ubora wa maji ya mto, atakusikiliza kwa adabu. Mweleze habari ya mfuko wake wa urea, na tuta litafungwa siku hiyohiyo. Mwombe alifunge karibu wiki nzima. Kwa dawa za magugu na wadudu, someni lebo pamoja naye na msikubali ujanja: kuna watu wanaochota maji ya kunywa kwenye mtaro huohuo.

Kilimo shadidi cha mpunga, cha kulowesha na kukausha jaruba kwa zamu, kinasaidia kweli, kwa sababu kinapunguza maji yanayotoka. Umwagiliaji wa matone kwenye nyanya na vitunguu nao hauburuti udongo kama mifereji. Ila usidanganywe na mabomba. Anayepitisha mbolea kwenye matone kwa wingi anaisukuma naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, chini ya mizizi, na hiyo huibukia mtoni kiangazi, wakati mto unategemea maji ya ardhini. Tena maji yaliyookolewa yakitumika kuongeza hekta, mto haujapata hata ndoo moja.

Hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya, tukitenga wingi wa maji na ubora wake. Ruaha Mkuu, mto unaotoka Usangu, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993. Maji yanapoacha kutiririka, viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki, kinyesi chao kinarundikana, oksijeni inakwisha na samaki wanakufa. Viboko wameishi na mto huo miaka yote bila kuuharibu. Kilichoondoka ni mkondo wa kusafisha. Na sehemu ya mkondo huo imo kwenye mabanio yanayoachwa wazi baada ya mavuno, maji yakitandaa kwenye majaruba matupu na kuliwa na jua. Kijiji kinahitaji maji ya nyumbani, ni haki yao, lakini hayo ni machache sana ukilinganisha na yanayopita langoni. Kisima kizuri cha kijiji, kikiruhusu lango lifungwe baada ya mavuno, kinaweza kuufaa mto kuliko mfereji mpya wa zege.

Kuhusu kupima, chukueni sampuli sehemu nne siku moja: juu ya banio, banioni, mwisho wa mtaro, na mtoni chini ya mahali mtaro unapoingia. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, simama ukielekea maji yanakotoka ili tope la miguu yako lisiingie, na sampuli za naitreti ziende maabara ndani ya barafu. Oksijeni ipimwe kabla jua halijachomoza, kwa sababu mchana mwani huitengeneza na dimbwi linaloua samaki alfajiri laweza kuonekana zima saa nane mchana. Andikeni saa, na andikeni shambani kulikuwa na kazi gani. Namba ya siku ya kuvuruga na ya siku ya mavuno haziwekwi kwenye safu moja. Daftari la mgawa maji litawaambia zamu ilikuwa ya nani siku ile. Mwombeni kwa heshima, na mkishapata majibu ya maabara mrudi kumsomea yeye kwanza, kabla ya kuyapeleka bodi ya maji ya bonde.