Theremini inahama sauti: ni mbovu, au imekosa ethi?

Swali

Fundi, assalaam aleikum. Mimi ni mpiga fidla, niko Unguja. Jamaa yangu anayeishi Ulaya ameniletea theremini, ile ala inayopigwa bila kuguswa: kisanduku cha mbao, antena moja imesimama upande wa kulia, nyingine ya kitanzi upande wa kushoto. Naichomeka kwenye amplifaya ndogo ya betri kwa sababu mazoezi nafanyia barazani. Nina shida tatu. Nikishaipata noti, dakika chache baadaye mkono uko palepale lakini sauti imeshahama. Noti za juu zimebanana karibu na antena hata hazipigiki. Na mtu akipita nyuma yangu, sauti inayumba. Fundi redio wa mtaani kwetu anasema aifungue azungushe koili za ndani, zile waya zilizoviringwa. Nimkubalie? Na je, ala hii inaweza kweli kupiga maqam, zile ngazi za muziki wa Kiarabu, au nimejidanganya?

Jibu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mwambie fundi wako aweke bisibisi chini kwanza. Kwa maelezo yako, naamini ala yako ni nzima na kinachokosekana ni waya wa ethi, yaani ule unaounganisha umeme na ardhi. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha utaijaribu mwenyewe jioni hii bila kufungua skrubu hata moja.

Ndani ya kisanduku mna osileta mbili za kutengeneza noti, yaani saketi mbili zinazotetemesha umeme. Moja haibadilishwi na mkono wako. Ya pili imeungwa na ile antena ya kulia. Zote mbili zinakwenda kasi ambayo sikio haliwezi kuisikia. Tuseme moja inatetemeka mara 300,000 kwa sekunde na nyingine mara 299,560. Kinachotoka kwenye spika ni tofauti yao: 440, ile noti ya La wanayolinganishia vyombo. Mkono wako na antena ni kama vibati viwili vya kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, vilivyotenganishwa na hewa. Mkono ukisogea karibu, kapasita inakua, osileta ya antena inapunguza mwendo, tofauti inaongezeka, na sauti inapanda.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalipimi. Badiliko linaloletwa na mkono wako ni dogo mno, mara nyingi halifiki hata pikofaradi moja, kipimo kidogo sana cha kapasita. Sasa chukua robo toni, yaani nusu ya nusu toni, ambayo wewe mtu wa taarab unaijua kwa sikio. Robo toni juu ya hezi 440 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde) ni nyongeza ya hezi 13 hivi. Ili osileta ya hezi 300,000 ihame kwa hezi 13, kapasita yake yote inatakiwa kubadilika kwa chini ya sehemu moja katika elfu kumi. Basi! Waya ukisogezwa sakafuni, joto likipanda kidogo au mtu akipita nyuma yako, umeshahama robo toni. Kwa hiyo kabla hujaituhumu ala, angalia imesimama wapi na imeungwa na nini.

Sasa tuje kwenye ethi. Kapasita ina pande mbili, na umeme unaopita ndani yake lazima urudi ulikotoka. Antena ni upande mmoja, mkono wako ni wa pili. Kutoka mkononi umeme huo mdogo unaingia mwilini, unashuka sakafuni, unafika ardhini, unapanda kwa waya wa ethi wa nyumba, unaingia kwenye amplifaya kupitia plagi yake ya pini tatu, unapita chuma cha nje cha jeki, ile plagi ya kebo ya sauti, na kurudi kwenye saketi. Ndiyo njia iliyokusudiwa. Wewe umeikata, kwa sababu amplifaya ya betri haina pini ya tatu wala ya kwanza. Saketi yako inaelea, na umeme unatafuta vichochoro: kupitia adapta ya theremini, kupitia kebo iliyolala sakafuni, kupitia baraza lenyewe likiwa na unyevu. Vichochoro hivyo vinabadilika kila dakika. Hapo ndipo panapotokea kubanana kwa noti na kuyumba mtu anapopita.

Fanya jaribio hili. Washa ala kama kawaida, mikono iwe mikavu. Kwa mkono wa kushoto shika ile sehemu ya chuma ya jeki ya sauti, pale inapoingia kwenye kisanduku. Mkono wa kushoto ukiwa mbali na kitanzi sauti itakuwa wazi, kwa hiyo utasikia vizuri. Kisha piga ngazi kwa mkono wa kulia. Noti zikitanuka na sauti ikitulia ghafla, umepata jibu lako: mwili wako umeshika nafasi ya ethi. Angalizo moja tu: ukihisi ganzi au mtekenyo wowote kwenye vidole, chomoa adapta ukutani na usiitumie tena mpaka ipimwe. Na adapta iwe ileile iliyokuja na ala. Kuna theremini zinazotaka AC (umeme unaogeuka mwelekeo) kutoka kwenye adapta, siyo DC (kama wa betri), na plagi kuingia vizuri si ushahidi kwamba umeme ni sahihi.

Nina sababu ya kukuzuia na koili. Miaka michache iliyopita mteja aliniletea theremini hapa Mombasa ikiwa imeshapita kwenye karakana mbili. Nta iliyoshikilia koili ilikuwa imebanduliwa, kila koili imezungushwa. Nilikaa nayo siku mbili na osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme, mpaka nikairudisha mahali pake. Mezani kwangu, kwa amplifaya ya plagi ya pini tatu, ilipiga safi kabisa. Akaondoka amefurahi. Usiku uleule akanipigia simu: shida ni ileile. Kesho yake nikaenda kwake. Soketi ilikuwa na matundu matatu, nzuri, mpya. Nikazima umeme kwenye mita, nikafungua kibati cha soketi. Waya wa kijani na njano ulikuwepo, lakini umekatwa mfupi, umekunjwa nyuma na haujafungwa popote. Aliyeweka nyaya za nyumba ile alijua kwamba taa na friji vitawaka tu bila ethi, na mwenye nyumba hatajua. Mpaka leo linaniudhi, na si kwa ajili ya muziki tu. Waya ule ndio unaomwokoa mtoto siku friji itakaposhika umeme.

Basi fanya hivi. Tafuta amplifaya ya umeme wa ukutani yenye plagi ya pini tatu halisi, siyo ile pini ya juu ya plastiki. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime soketi utakayotumia. Kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na ethi apate karibu sawa na anachopata kati ya laivu na nyutro (waya wa kuurudisha), volti 230 hivi. Akipata kidogo sana au namba inayorukaruka, ethi hamna. Ukitaka kubaki na betri barazani, mwambie akuvutie waya mwembamba kutoka kwenye ile nondo ya ethi iliyochimbiwa karibu na mita, uishie kwenye klipu ya kubana chuma cha jeki. Usiuchomeke waya wowote kwenye tundu la soketi kwa mkono wako. Nyutro siyo ethi, hata kama mtu atakuapia kwamba ni kitu kimoja.

Kuhama kwa noti pole pole, mkono ukiwa palepale, kuna chanzo cha pili: joto. Ala ikiwashwa, vipande vya ndani vinapata joto na osileta mbili hazihami kwa kiasi kimoja. Iwashe dakika 20 kabla ya kupiga, ikiwa palepale utakapopigia. Ukiitoa chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka barazani kwenye upepo wa bahari, hesabu dakika 20 upya.

Ikishapata joto, tafuta sifuri. Simama mahali pako, mkono wa kulia urudi begani, zungusha kitufe cha sauti ya juu na chini taratibu. Utasikia sauti ikishuka, ikishuka, mpaka inakuwa kama ngoma inayodunda, halafu kimya. Kimya hicho ndicho sifuri, osileta mbili zikiwa zimelingana. Ukisogeza mkono karibu na antena sauti ipande. Ikiwa unasogea na sauti inashuka, umevuka sifuri ukaingia upande wa pili; rudisha kitufe kinyume upite kimya tena. Nimeona watu wakiamini ala imegeuka kwa sababu ya jambo hilo tu.

Kwenye vitu vilivyo karibu, ogopa kinachotembea kuliko kilichosimama. Kabati la chuma halina neno, utakapotafuta sifuri limeshahesabiwa. Feni ya kusimama inayogeuza shingo ndiyo adui, kwa sababu inaongeza na kupunguza kapasita kila inapogeuka. Isogeze mita moja na nusu au zaidi, au izime. Mpita njia naye apite mbali kiasi hicho. Hata ethi ikiwa nzuri, nyuma ya mpiga theremini si njia.

Kwa kuwa uko pwani, angalia na nati inayoshika antena. Chumvi ya hewani inaweka ukungu kati ya chuma na chuma, na sauti inaanza kukwaruza au kuruka. Ifungue, ipanguse kwa kitambaa kikavu, ikaze kwa vidole. Hiyo kazi ni yako, haihitaji karakana.

Noti za juu zitabaki na kubanana kidogo hata baada ya ethi. Ndivyo kapasita ya hewa ilivyo, inakua haraka mkono ukiwa karibu kabisa. Ndani ya ala kuna koili zilizoungwa mfululizo na antena kwa kazi hiyo maalumu ya kuzitanua noti, na zimechaguliwa zilingane na osileta. Kwa hiyo fundi wako, kwa nia njema kabisa, angekuharibia kilekile unachokitafuta.

Sasa maqam. Hujajidanganya hata kidogo. Lev Termen, mwanafizikia aliyeibuni huko Petrograd, Urusi, mwaka 1920 alipokuwa akitengeneza kifaa cha kupima gesi, alikuwa pia mpiga selo, na ala yake inafuata fikra ya nyuzi: haina vizuizi kama vya gitaa, haina vitufe vya noti kama vya kinanda, sauti iko popote unapoiweka. Clara Rockmore, ambaye ndiye aliyeonyesha dunia kwamba chombo hiki kinaweza kuimba, alizaliwa Vilnius mwaka 1911 na alikuwa mpiga fidla kama wewe kabla hajageukia theremini. Ni yeye aliyemtaka Termen aipanue kutoka oktavu tatu hadi tano. Alipiga kwa vidole: ngumi imefungwa kwa noti ya chini, kisha kufungua vidole kidogo kidogo kwa noti zinazofuata, na mkono wote kuhama tu anapobadili nafasi. Anza hivyo. Usipige kwa kupeleka mkono mzima mbele na nyuma, hutaipata noti moja mara mbili.

Chukua maqam ya Rast. Noti yake ya tatu, ile isiyo meja wala maina, kinanda cha kawaida hakina mpaka ukibadilishe mpangilio. Kwenye theremini ipo kati ya vidole viwili, inakungoja. Mwombe mwenzako wa udi akushikilie noti ya msingi, uitafute ya tatu juu yake bila kutikisa mkono. Mtikisiko ni mtamu, lakini unaficha kosa, na mwezi wa kwanza unahitaji kuyasikia makosa yako. Mkono wa kushoto ndio upinde wako: uteremshe kwenye kitanzi kati ya noti na noti, la sivyo kila kitu kitateleza kama king'ora.

Ethi ikishapimwa na ala ikishapata joto, iache ipige noti moja kwa nusu saa, mkono wako ukiwa umeegemezwa kwenye mgongo wa kiti cha mbao. Ikihama zaidi ya nusu toni, niandikie tena. Hapo ndipo tutafungua kisanduku, na tutaanza kwa kupima volti za ndani, koili zikibaki kama zilivyo.